Vikombe vya kunyolea vyenye jina na picha ya kazi (Marekani, 1870–1920): anza na kitako, picha baadaye

#1 Kauri_na_Dhahabu (mtoa mada)

Wakuu, uzi huu ni wa wanaokusanya vikombe vya kunyolea vya zamani, vile vilivyoandikwa jina la mteja kwa dhahabu na kuchorwa kazi aliyoifanya. Mlioko Marekani mnakutana navyo kwenye maduka ya vitu vya kale na kwenye minada ya mali za marehemu. Vinakaa rafu moja, ukubwa mmoja, na bado bei zao zinapishana vibaya sana. Tuelezane kwa nini, na jinsi ya kutolizwa.

Mteja wa kudumu wa zama hizo hakunyoa nyumbani. Alikwenda kwa kinyozi mara mbili tatu kwa wiki, akalipa senti 10 au 15, na kikombe chake kikabaki dukani kwenye rafu yenye vyumba vidogo vidogo vya mraba. Kikombe cha kawaida kina kimo cha karibu sentimita 9 na upana kama huohuo, mshikio mmoja, na hakina mdomo wa kumiminia. Mwuza nyama alichorewa kichwa cha ng'ombe na visu, mhunzi akachorewa fuawe au farasi anapigwa njumu, dereva wa treni injini yake ikitoa moshi.

Kauri yenyewe kwa kawaida si ya Marekani. Vikombe vilikuja vyeupe, bila pambo, kutoka Limoges huko Ufaransa, na kutoka viwanda vya Ujerumani na Bohemia, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Austria. Vikishafika, vilichorwa na mafundi wa kampuni zilizouza vifaa vya vinyozi: Koken wa St. Louis, Theo. A. Kochs wa Chicago, Eugene Berninghaus wa Cincinnati, na wengine. Kinyozi alifungua katalogi na mteja wake, wakachagua picha, wakaandika jina, oda ikatumwa. Ndiyo maana utakuta vikombe viwili vyenye mkokoteni uleule wa maziwa na majina tofauti. Hilo peke yake si dalili ya kughushi.

Sasa kitako. Kigeuze kikombe kabla hujaangalia kitu kingine chochote. Mhuri wa kiwanda, kwa kawaida wa kijani au mwekundu, unakuambia kauri imetoka wapi. Mhuri wa kampuni ya vifaa, ukiwepo, unakuambia kimechorwa wapi. Hivi ni vitu viwili, na kikombe kizuri kinaweza kuwa na vyote, kimoja, au kisiwe na hata kimoja.

#2 pwani_nakshi

Shukrani mkuu. Swali: mhuri ukisema "France" au "Germany" tu bila jina la kiwanda, una faida gani?

#3 Kauri_na_Dhahabu

Una faida kubwa. Sheria ya ushuru ya Marekani iitwayo McKinley ilipitishwa mwaka 1890, na kuanzia 1891 bidhaa za kigeni zikatakiwa kuandikwa nchi zilikotoka kwa Kiingereza. Kwa hiyo kikombe chenye "Germany" au "Austria" kwa kawaida ni cha 1891 au baadaye. Kisicho na jina la nchi kinaweza kuwa cha kabla ya hapo, lakini usilifanye hilo kuwa uthibitisho, maana mihuri mingine ilisahaulika na mingine imefutika. Maneno "Made in" mbele ya nchi yanakusogeza zaidi ndani ya karne ya 20. "Czechoslovakia" haiwezi kuwa kabla ya 1918, kwa sababu nchi hiyo haikuwepo.

Ukishapata tarehe ya kitako, ilinganishe na picha. Baiskeli yenye gurudumu kubwa mbele ilishapitwa na wakati kufikia miaka ya 1890, baada ya baiskeli ya magurudumu sawa kuenea. Ukiiona kwenye kikombe cha "Czechoslovakia", picha na kauri haziendi pamoja. Gari la injini kwenye kikombe kinachodaiwa ni cha 1880 lina tatizo lilelile kwa upande wa pili. Dakika moja ya hesabu hii inaokoa pesa nyingi kuliko kifaa chochote.

#4 Fundi_Joko

Naomba niongeze upande wa ufinyanzi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapodanganywa.

Picha na jina viko juu ya glezi, yaani juu ya ule utando wa kioo unaofunika kauri. Rangi ni unga wa oksidi za madini uliochanganywa na unga wa kioo laini, ukakorogwa kwa mafuta, ukachorwa kwa brashi, kisha ukachomwa jokoni kwenye nyuzi 700 hadi 800 hivi za Selsiasi. Kauri yenyewe na glezi yake vilishachomwa Ulaya kwa joto kubwa zaidi ya hilo, kwa hiyo haviyeyuki tena. Rangi ndiyo inayoshika juu. Dhahabu ya maji kwa kawaida huja mwisho. Tazama pale inapokutana na rangi: mara nyingi utaona dhahabu imepanda juu ya rangi. Rangi ikiwa imepanda juu ya dhahabu ya jina, jiulize nani alikuja kuongeza picha, na lini.

Kwa sababu huo ndio ujanja mkuu. Kikombe chenye jina tu au jina na maua ni cha bei ndogo. Mtu anakinunua, kikiwa halali kabisa, kitako halali, jina halali, halafu anaongeza gari la maiti au mchezaji wa besiboli, kazi ambazo ni adimu na zinatafutwa. Mnunuzi anaona kila kitu ni cha zamani, na ni kweli, isipokuwa kile alicholipia.

Hivi ndivyo ninavyoshauri ukague, kwa mpangilio huu:

Kwanza nafasi. Fundi wa zamani alipanga jina, picha na matawi ya pembeni kwa pamoja. Picha ya kuongezwa hubanwa, ikagusa herufi, au ikakaa juu kidogo kuliko inavyopendeza.

Pili, lenzi ya kukuza mara 10. Rangi iliyochorwa kwa mkono ina mikwaruzo ya brashi na unene usiolingana. Picha iliyohamishwa kutoka karatasi ya chapa ina vitone vidogo vidogo, na mara nyingine unaona ukingo wa ule utando. Chapa si lazima iwe uongo: vikombe vingi vya vyama vilitumia chapa tangu mwanzo.

Tatu, chafuko la joko. Kauri iliyotumika miaka mingi hunyonya unyevu na mafuta kupitia nyufa na sehemu ya kitako isiyo na glezi. Ukiichoma tena, uchafu ule hutoka, ukaacha vitone vyeusi au vijivu na vishimo vya mapovu kwenye glezi. Ukiviona vimezunguka picha nzuri inayong'aa, kikombe kimerudishwa jokoni.

Nne, kama hakikuchomwa tena, basi kimepakwa rangi baridi. Hapo pamba yenye asetoni kidogo hutoa rangi, wakati rangi ya jokoni haitoki. Fanya hivyo mahali pasipoonekana, na kwa ruhusa ya mwenye mali. Taa ya urujuanimno nayo husaidia gizani: gundi na rangi nyingi za kisasa hung'aa tofauti na sehemu nyingine ya kikombe.

#5 mama_wa_rafu

Na uchakavu? Wauzaji wanasema "dhahabu imefutika, kwa hiyo ni cha kweli".

#6 Fundi_Joko

Angalia imefutika wapi. Kikombe kilichotumika hupoteza dhahabu juu ya mshikio pale kidole gumba kinapokaa, na kwenye ukingo wa juu pale brashi inapokwanguliwa kutoa povu la ziada. Pete ya chini huwa na mikwaruzo ya kila upande, na uchafu umeingia ndani yake. Aliyetumia msasa huacha mistari inayokwenda upande mmoja, na mara nyingi hufuta katikati ya jina, mahali ambapo hakuna mkono uliokuwa ukigusa.

#7 pwani_nakshi

Hivyo vya vyama ulivyotaja ni vipi?

#8 Kauri_na_Dhahabu

Badala ya kazi, mteja alionyesha chama chake, cha kindugu au cha wafanyakazi. Vya kawaida kabisa: pete tatu za mnyororo na herufi F.L.T. ni Odd Fellows. Bikari na guni (kipimo cha seremala cha pembe mraba) ni Wamasoni. Kichwa cha elki na saa inayoonyesha 11 ni Elks, chama kilichoanzishwa 1868. Herufi B. of L.E. ni chama cha madereva wa treni, B. of R.T. ni cha wahudumu wa treni. Ukiona injini ya treni pamoja na herufi hizi, una kazi na chama kwa pamoja, na hapo kuna pa kuanzia kumtafuta mwenye jina.

Jina kamili likisomeka, linganisha na sensa za Marekani na vitabu vya anwani za miji vya wakati huo, vilivyoandika jina, kazi na mtaa. Ukipata mtu wa jina hilo, kazi hiyo, mji ule kikombe kilikotokea, thamani yake kama kumbukumbu inapanda kweli. Jina la kawaida sana bila mji halithibitishi kitu, hata mwuzaji akikuonyesha ukurasa wa sensa.

#9 Wembe_Solingen

Tusikisahau chombo chenyewe kilivyofanya kazi, maana hata wakusanyaji wanachanganya kikombe cha kinyozi na kile cha nyumbani chenye mdomo mpana wa pembeni. Kile cha mdomo kilikuwa na sabuni juu kwenye sahani yenye matundu, na maji moto chini. Brashi iliingizwa kupitia mdomo. Hakikuwa cha rafu ya kinyozi.

Kwa kinyozi, kidonge cha duara cha sabuni kilikaa moja kwa moja kwenye sakafu ya kikombe. J. B. Williams wa Glastonbury, Connecticut, ndiye aliyejulikana zaidi kwa sabuni hizo, na Colgate naye alikuwepo. Brashi huloweshwa kwenye maji moto, hukung'utwa, huzungushwa juu ya sabuni sekunde 20 hadi 30 mpaka povu liwe zito. Povu likiwa na mapovu makubwa, maji yamezidi. Likikauka usoni kabla wembe haujafika, maji yamepungua. Povu hupakwa, kinyozi husugua kwa vidole kulainisha ndevu, taulo moto hufuata, kisha povu la pili. Wembe hushikwa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi na ngozi, na ngozi huvutwa kwa mkono wa pili. Mafunzo ya vinyozi Marekani huhesabu mikato 14 kwa uso mzima.

Wembe ulinolewa kwenye kinoo mara chache tu, lakini ulipitishwa kwenye mkanda wa ngozi wa kunolea kabla ya kila mteja, mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Mwisho wa mkanda unaugeuza wembe juu ya mgongo wake. Ukiugeuza juu ya makali, unachana mkanda na kuyakunja makali kwa mara moja. Mikanda ya zamani yenye mikato karibu na ncha inaonyesha kosa hilohilo.

#10 mama_wa_rafu

Kila mahali naona imeandikwa kwamba kila mteja alikuwa na kikombe chake ili kuzuia ukurutu wa kinyozi. Ni kweli?

#11 Wembe_Solingen

Hofu ilikuwa ya kweli. Ukurutu ule, wa ukungu au wa bakteria kwenye vinyweleo vya ndevu, ulisambaa maduka ya vinyozi. Lakini fuata mlolongo wa kazi nilioueleza: kikombe hakigusi uso. Kinachogusa uso ni brashi, wembe, taulo na mikono ya kinyozi. Kama brashi ni moja kwa wateja wote, kikombe cha peke yako hakikulindi. Mbaya zaidi, brashi iliyotoka usoni inarudi kwenye sabuni ileile yenye unyevu, siku baada ya siku.

Maoni yangu: afya ilikuwa sababu iliyosemwa, heshima ndiyo iliyouza. Jina la dhahabu kwenye rafu lilimtangaza mteja mbele ya wote waliokaa wakisubiri, nalo lilimfunga asihamie kwa kinyozi wa mtaa wa pili. Kama lengo lingekuwa usafi pekee, namba ingetosha.

#12 Kauri_na_Dhahabu

Nakubaliana kwa sehemu. Wateja waliamini, na imani ile ilitosha kuuza vikombe. Ila ni kweli kwamba usafi halisi ulikuja kwa njia nyingine. Minnesota ilipitisha sheria ya leseni za vinyozi mwaka 1897, ya kwanza Marekani, na majimbo mengine yakafuata. Shule ya kwanza ya vinyozi, ya A. B. Moler, ilifunguliwa Chicago 1893. Na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia walitokea wagonjwa wa kimeta kati ya watu walionyoa kwa brashi za manyoya ya farasi zisizosafishwa sawasawa. Kwa hiyo brashi ya zamani ya manyoya iweke kwenye kabati la maonyesho. Usiitumie usoni.

#13 Darubini_ya_Peachtree

Wadau, kuna upande wa historia hii usiopaswa kupitwa. Kabla na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, sehemu kubwa ya vinyozi bora wa Marekani walikuwa Weusi, walionyoa wateja weupe matajiri. William Johnson wa Natchez, Mississippi, aliyezaliwa mtumwa akaachwa huru, aliendesha maduka yake na kuandika shajara kuanzia 1835 hadi alipouawa 1851. Alonzo Herndon, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1858, alijenga duka la fahari kwenye Peachtree Street, Atlanta, na mwaka 1905 akaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Atlanta Life. John Merrick wa Durham, North Carolina, naye kinyozi, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa North Carolina Mutual mwaka 1898. Kampuni mbili kubwa za bima za Wamarekani Weusi zilitokana na pesa ya wembe.

Na chungu yake ni hii: kwenye maduka hayo ya wateja weupe, mwenye duka mwenyewe au ndugu yake hakuweza kukaa kwenye kiti kama mteja. Kwa hiyo jina la dhahabu lililotoka kwenye rafu ya duka la namna hiyo ni la mteja mweupe, hata kama mikono iliyokoroga povu lake ilikuwa ya Mweusi. Mwuzaji anayedai kikombe ni cha mteja Mweusi mashuhuri, au kilitoka duka fulani maarufu, mdai karatasi: risiti, picha ya rafu, au maandishi ya familia. Maneno matupu hayaongezi bei.

Baadaye kazi hii iliingiliwa na wahamiaji, Wajerumani kisha Waitaliano, ndiyo maana majina ya Kijerumani ni mengi sana kwenye vikombe vya Cincinnati na St. Louis, kwa vinyozi na kwa wateja.

#14 pwani_nakshi

Kwa kuwa mmegusa wembe: nyembe za zamani zenye mpini mweupe huuzwa kama pembe za ndovu. Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe karne ya 19, na shehena nyingi zilikwenda Deep River na Ivoryton, Connecticut, kwa vitana na vitufe vya piano. Tunatofautishaje mpini wa pembe na wa plastiki?

#15 Wembe_Solingen

Tumia lenzi. Pembe halisi ya ndovu, ukitazama upande uliokatwa kwa kukingama, ina mistari inayokatizana kwa pembe, kama nyavu. Seluloidi, yaani plastiki ya zamani iliyoigiza pembe, ina mistari iliyonyooka, sambamba, iliyopangika kupita kiasi. Mfupa una vitone na vijifereji vyeusi vya mishipa. Seluloidi ukiisugua kwa kidole mpaka ipate joto hutoa harufu ya kafuri. Usijaribu kwa sindano ya moto, seluloidi inashika moto haraka. Tena seluloidi inayooza hutoa mvuke unaokula chuma: ukiona kutu imeanzia pale wembe unapolala ndani ya mpini, itenge na nyembe nyingine leo.

Kuhusu sheria: tangu Julai 2016 Marekani imebana sana biashara ya pembe za ndovu wa Afrika. Kilichozidi miaka 100 kina msamaha, lakini mzigo wa kuthibitisha uko kwako. Kuvusha mpaka bila vibali vya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) ni kupoteza wembe na pengine zaidi.

#16 mama_wa_rafu

Nisaidieni usafishaji. Kikombe kina ukoko mweupe ndani na vumbi jeusi kwenye herufi.

#17 Fundi_Joko

Ukoko ni sabuni iliyoungana na chokaa ya maji. Weka taulo nene ndani ya beseni la plastiki, maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo isiyo kali. Ndani, acha maji hayo dakika 30, kisha sugua kwa kijiti chenye pamba. Ukibaki, tia siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, chini ya mstari wa dhahabu, dakika 10, suuza mara tatu. Siki isiguse rangi wala dhahabu, kwa sababu rangi za juu ya glezi zina risasi na asidi huzila. Nje, pamba yenye unyevu tu, ukipapasa herufi, usisugue.

Usitumie mashine ya kuoshea vyombo, jiki, soda, wala dawa ya meno. Jiki huingia kwenye nyufa, ikikauka chumvi zake huvimba na kubandua glezi. Bandiko la bei usiliweke kamwe juu ya dhahabu, gundi inaondoka nayo.

Mshikio uliovunjika: usitumie gundi ya sekunde. Paraloid B-72, gundi ya akriliki ya mafundi wa kuhifadhi vitu vya kale, iliyoyeyushwa kwa asetoni inashika vizuri na inaweza kufunguliwa baadaye. Na kabla ya kununua, weka taa ndogo ndani ya kikombe gizani. Kauri hupitisha mwanga, ufa huonekana mstari mweusi, sehemu iliyojazwa huwa giza. Kisha kigonge taratibu kwa ukucha. Sauti inapaswa kulia. Ikiwa butu, tafuta ufa.

#18 pwani_nakshi

Kwa nini viliisha? Gillette?

#19 Kauri_na_Dhahabu

Zaidi ya yote, ndiyo. King C. Gillette alianza kuuza wembe wake wa usalama wa kujinyolea, wenye kiwembe cha kubadilisha, 1903 na alipata hataza Novemba 1904. Lakini pigo lilikuwa Vita vya Kwanza vya Dunia: serikali ya Marekani ilinunua nyembe zake milioni 3.5 na viwembe milioni 32 kwa ajili ya askari, na waliorudi nyumbani walikuwa wameshazoea kujinyoa. Kinyozi akabaki na kukata nywele. Rafu zikavunjwa, wenye vikombe wakavichukua, visivyo na mwenyewe vikauzwa kwa jumla.

#20 mama_wa_rafu

La mwisho: kukituma kwa posta salama?

#21 Fundi_Joko

Karatasi laini isiyo na asidi kwanza, kwa sababu plastiki ya mapovu ikigusa dhahabu moja kwa moja huacha alama za duara. Jaza ndani ya kikombe karatasi laini bila kukandamiza. Zungushia mshikio karatasi mpaka pengo lake lijae, huko ndiko kunakovunjika kwanza. Kisha plastiki ya mapovu tabaka mbili, boksi la kwanza, halafu boksi la pili lenye nafasi ya sentimita 5 kila upande iliyojazwa. Tikisa: ukisikia kitu kinacheza, fungua uanze tena. Picha za kitako, mshikio na jina zipigwe kabla ya kufunga, na zitumwe kwa mpokeaji siku hiyohiyo.